Moyo wa Fauzia na Ile Mashine

Mwanaheri Bakari,
S.L.P. 64,
Nachingwea.

17 Novemba, 2002.

Mpendwa mwanangu Rashidy,

Asalaam aleikum. Kabla ya yote nakujulia hali wewe, mkeo Zamoyoni na mjukuu wangu. Kifua cha mtoto kimepona? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba baridi ya ziwani inamsumbua, nami nikamwambia jirani yangu Albina, naye mpaka leo kila tukikutana kisimani ananiuliza hali yake. Na wewe funga inakwendaje, na hiyo kazi yenu ya kusimama kutwa nzima kwenye barafu na samaki? Usiwe unakunywa maji ya baridi wakati wa kufuturu, yatakukamata tumbo.

Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Mengine yamo humu ndani ya barua.

Huku Nachingwea mvua bado, mawingu yanakuja yanarudi. Kule Chinongwe baba yako anaendelea na korosho zake. Mgongo unamuuma akiinama kuokota lakini hataki kusaidiwa, kazi ndiyo inayomkalisha kimya. Mama yako nitakueleza habari zake mbele, niache kwanza nifike.

Barua yako niliipokea nikiwa sokoni, nikaisoma nimesimama mbele ya meza yangu ya mbaazi. Nilipofika mwisho nilifunika meza na turubai nikarudi nyumbani. Umeuliza kwa nini tulimzika mdogo wako ugenini kama mtu asiye na kwao. Umeuliza pia kama ni kweli waliyokusimulia watu wa Ruangwa waliofika Mwanza, kwamba Wahindi walimwingizia puto kifuani likampasukia, na kwamba shangazi yako ndiye aliyekubali. Mwanangu, simu ile niliyokupigia kukupa habari ya msiba ilikatika kabla sijakwambia zaidi ya neno moja, na neno hilo ndilo ulilobaki nalo muda wote huu. Una haki ya kuuliza. Nimekaa leo nikuandikie nilichokiona kwa macho yangu, na ukishasoma uamue mwenyewe.

Wewe ulipoondoka nyumbani Fauzia alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, kwa hiyo unamkumbuka yule wa kuumwa koo na kuvimba magoti, ambaye mama yako alikuwa akimkanda kwa maji ya moto. Uvimbe uliisha tukasahau. Madaktari wametueleza sasa kwamba ugonjwa ule kwenye viungo hupita njia tu, makao yake ni kwenye moyo. Ulikaa humo ukikua naye na kumla.

Alipokuja kuishi kwangu ili asome sekondari, na baadaye chuo cha ualimu, sikuona kitu. Alikuwa anacheka, anasuka watu nywele, anaimba akiosha vyombo. Aliyegundua ni mwanafunzi mwenzake, kijana mmoja anaitwa Kipriani, mtu wa Naipingo. Alinijia sokoni amekunja kofia mkononi, akaniambia, “Mama, samahani. Fauzia tukipanda mlima wa kwenda chuoni kila mara anasimama anainama kufunga kamba za viatu. Na viatu vyake havina kamba.”

Jioni nilimtazama miguu. Alikuwa amevaa makubazi. Nikamwuliza, akakaa chini akalia, akasema amechoka tangu mwaka juzi na hakutaka arudishwe nyumbani kabla hajawa mwalimu.

Tukaenda hospitali ya Ndanda. Wakampiga picha ya moyo wakatuambia mlango mmoja wa moyo, ule ambao wao wanauita vali, umeliwa na ugonjwa. Umekuwa mgumu na haufungi vizuri, damu ikishasukumwa mbele nyingine inarudi nyuma. Dawa zitamtuliza, ila mlango wenyewe hauna budi kubadilishwa, na kwa kuwa kazi hiyo haifanyiki hapa nchini, ilibidi apelekwe India. Tukaenda Dar es Salaam, wakampima tena, tukangoja, jina lake likapita kwenye orodha ya wanaopelekwa.

Mama yako ndiye aliyestahili kumsindikiza, Rashidy, usije ukafikiri nilimnyang’anya. Lakini unamjua, Kiswahili chake ni cha kuulizia chumvi, mambo yake yote ni Kimwera. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, “Wifi, nenda wewe. Mimi huko nitakuwa kama kiziwi, na wagonjwa watakuwa wawili.” Baba yako akaafiki.

Nataka ujue kwamba alifurahi kwenye ndege. Alikaa dirishani, akanishika mkono ndege ilipopaa, mimi nimefumba macho nasoma kila aya ninayoijua, yeye anacheka. Akaniambia, “Shangazi, fungua macho, utawaambia nini watu wa Nachingwea?” Nikafungua. Ninachokumbuka ni uso wake tu, mawingu sikuyaona.

Tulifikia mji unaoitwa Haidarabadi. Tuliongozana na wagonjwa wengine wa Tanzania na muuguzi wetu, Sista Dorotea, Mmakonde wa Newala, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Yeye ndiye aliyekuwa masikio yangu na mdomo wangu, kwa sababu anajua Kiingereza. Mvua ilikuwa inanyesha kule bila kukata. Walimpa Fauzia kitanda karibu na dirisha, wakampima, wakampangia zamu ya upasuaji. Daktari wake alikuwa mama mmoja mfupi mwenye miwani, anapita wodini kwa haraka lakini akifika kwa mgonjwa anakaa kitandani. Tuliambiwa tuwe na matumaini, nami nilikuwa nayo.

Asubuhi moja Fauzia aliamka mchangamfu akaniambia nywele zangu zinamtia aibu mbele ya Wahindi. Akaniketisha chini, yeye kitandani, akaanza kunisuka. Alikuwa amemaliza upande mmoja. Nikasikia mikono imesimama. Nikadhani anatafuta kitana. Kisha nikasikia anavuta pumzi kama mtu anayezama majini, nikageuka, mwanangu. Midomo imekuwa ya majivu. Povu lenye wekundu linamtoka. Anataka kusema hawezi. Nilipomshika mkono ulikuwa wa baridi na umelowa jasho, kama umetoka kisimani.

Nilipiga kelele kwa Kimwera, sikujua kama ninajua kupiga kelele kwa lugha nyingine. Wakaja mbio, wakamzunguka, wakaondoka naye na kitanda chake.

Baadaye kidogo daktari alinijia ukumbini pamoja na Sista Dorotea. Alizungumza polepole na Dorotea akanitafsiria. Alisema ule mlango wa moyo umeshikwa na nyuzi ndogo ndogo, kama kamba zinazoshika hema. Nyuzi hizo zimekatika ghafla. Sasa mlango unapepea tu, na damu karibu yote inarudi nyuma kwenye mapafu. Presha imeanguka, damu haifiki kwenye ubongo wala figo, mwili wote unazimika.

Nikasema, “Basi si wampasue sasa hivi? Si ndicho tulichokifuata?”

Dorotea akamwuliza. Yule mama akatikisa kichwa.

“Anasema akimpasua katika hali hii atamfia mezani. Kwanza lazima moyo usaidiwe mpaka mwili upate nguvu. Wanayo mashine. Anataka ruhusa yako.”

Hapo ndipo nilipokubali, Rashidy. Watu wa Ruangwa wamekwambia kweli kwamba ni mimi. Ningengoja nani? Baba yako yuko Chinongwe, simu iko Ruangwa, na mtoto anakufa mlango wa pili. Nilikubali, na leo wakiniuliza tena katika hali ile ile nitakubali tena.

Na habari ya puto, sikiliza ilivyo, kwa sababu nilieleweshwa na Dorotea hadi nikaelewa, kisha nikaliona linavyofanya kazi. Ni puto kweli, jembamba, refu kama mkono kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko. Halikuingizwa kifuani. Liliingizwa kwa mshipa wa kwenye kinena likapandishwa taratibu hadi kwenye mshipa mkubwa unaoteremka kutoka moyoni. Nje kuna mashine yenye mtungi wa gesi, inautazama moyo kwa nyaya. Moyo ukipumzika, puto linajaa na kuisukuma damu iende mwilini. Moyo ukitaka kusukuma, puto linanywea upesi, damu inapata njia nyepesi ya kwenda mbele badala ya kurudi nyuma.

Dorotea aliniambia hivi: “Mama Mwanaheri, umewahi kutwanga peke yako mtama wa harusi?”

“Nimewahi.”

“Moyo wa Fauzia ulikuwa hivyo, umechoka na mchi mkononi. Sasa amekuja mwenzake kusimama upande wa pili wa kinu. Wanapokezana.”

Kuanzia hapo nikawa naingia chumba kile cha mahututi nikiisikiliza mashine kama kinu cha kwetu. Tu, tu, tu. Mwanzoni alikuwa amelazwa usingizi, ana mpira mdomoni wa kumpumulia. Siku iliyofuata rangi ilimrudia midomoni. Mkojo ukaanza kutoka, na wauguzi wakaufurahia kama watu waliopata mvua. Kisha wakamtoa ule mpira wa mdomoni, akafungua macho, akanitazama muda mrefu.

Neno lake la kwanza lilikuwa, “Shangazi, nywele.” Nilikuwa bado niko upande mmoja nimesuka na upande mmoja zimesimama. Nikacheka nikalia.

Alikatazwa kukunja mguu ule wenye mshipa, na alikatazwa kuketi. Alilala chali tu akiangalia dari. Lakini alizungumza. Rashidy, watu wanasema mashine ilimuua. Mimi ninachojua ni kwamba asubuhi ile alikuwa amekwisha kwenda, na mashine ikamrudisha tukazungumza. Ingekuwa ni kisa cha nyumbani, angekufa mikono yake ikiwa kichwani mwangu na lisingepatikana hata neno moja la kuwaletea.

Alizungumza habari zako pia. Alikumbuka ulivyokuwa ukimbeba mabegani kwenda kuangalia ngoma, na jinsi ulivyomwangusha kwenye shamba la mihogo ukamwomba asimwambie mama. Hakumwambia, alisema, mpaka leo. Alisema pia ukipata mtoto wa kike umpe jina lingine, usimpe lake, kwa sababu anataka kuja kumwona mwenyewe. Sijui alikuwa anaamini au alikuwa ananifariji mimi.

Alimwuliza Dorotea kila kitu kuhusu ile mashine. Jina lake, gesi yake, inajuaje wakati wa kujaa na wakati wa kunywea. Alisema akifundisha sayansi atachora ubaoni, na watoto hawataamini kwamba mwalimu wao aliwahi kuwa na puto ndani. Halafu akasema, “Nataka kuzungumza na mama.”

Hilo lilikuwa zito. Dorotea akamweleza yule daktari. Nilitegemea atasema haiwezekani, chumba kile hakiingii hata kanga yangu. Lakini yule mama alitoa simu yake ya mkononi mfukoni mwa koti. Tukapiga Ruangwa, kwenye duka la Twaha, yule mwenye simu ya mezani. Nikamwambia Twaha, “Ndugu yangu, nipatie Mwantumu mke wa Lukumani wa Chinongwe, kwa njia yoyote, tutapiga tena kesho saa za adhuhuri kwenu.” Twaha hakuuliza kitu. Mungu amlipe. Alimtuma mtu na baiskeli jioni ile ile, na mama yako akalala Ruangwa kwa mke wa Twaha ili asichelewe.

Kesho yake tulipiga. Nilimwekea Fauzia simu sikioni. Mama yako hakuwahi kushika simu maisha yake, alikuwa anapiga kelele kama anamwita mtu ng’ambo ya bonde, mpaka wauguzi wakageuka. Fauzia akacheka. Wakazungumza Kimwera chao cha Chinongwe, kile cha haraka, katika chumba kile cheupe chenye mashine. Mama yako alimwuliza anakula nini. Akasema ugali na kisamvu. Muongo yule, alikuwa anakula uji wa mchele usio na chumvi. Mama yako akamwuliza nani anampikia kisamvu Uhindini, Fauzia akasema, “Shangazi amebeba.” Akamwuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, amelala tu. Halafu mimi niliyekuwa nimeshika simu nikamsikia mama yako anapumua. Kisha akamsomea dua, ndefu, Kiarabu chake kilichochanganyika na Kimwera, na Fauzia akawa anaitikia amina kila anapositisha. Aliitikia vizuri, hakulia mpaka simu ilipokatika.

Hayo ndiyo mazungumzo ambayo mashine ile ilituazima. Siwezi kuichukia.

Lakini nayo ilikuwa na mpaka wake. Ule mguu wenye mshipa ulianza kupoa. Nilikuwa nikiusugua kwa mikono yangu, nikaona vidole havipati joto, kisha kucha zikabadilika rangi. Daktari akaja, akavishika kimoja kimoja. Alieleza kwamba puto limeziba njia ya damu ya mguu. Likitolewa, moyo utaanguka. Likibaki, mguu utaharibika na sumu itaingia mwilini. Figo zilikuwa zimepata nguvu kidogo, si nguvu zote. Alisema wakati wa kubadilisha mlango umefika, hata kama haujaiva, kwa sababu hakutakuwa na wakati mwingine.

Safari hii hakuniuliza mimi. Alimwuliza Fauzia mwenyewe, na Dorotea akatafsiri bila kuficha neno, kwa sababu Fauzia alimwambia asifiche.

“Nikikataa?” Fauzia aliuliza.

“Utakaa siku chache hivi ulivyo.”

“Na nikikubali?”

“Anasema kupona kupo, na kutopona kupo. Kutopona kuna nguvu zaidi.”

Akaangalia dari. Kisha akasema, “Shangazi, waambie wafanye. Sikuja huku kulala katikati ya mlango.”

Nilimtawadhisha kwa kitambaa, akaswali kwa macho. Akaniambia nisimwambie mama yako habari ya mguu. Nimekaa nalo, sijamwambia hadi leo, na nakuomba wewe uliyesoma hapa usimwambie.

Walimchukua asubuhi. Nilikaa ukumbini na Dorotea amenishika goti. Mchana ulipita. Daktari alitoka, alama za barakoa bado ziko usoni, akasema mlango mpya umewekwa na umekaa vizuri. Nikataka kusujudu. Lakini akaendelea kusema kwamba moyo wenyewe umechoka, haukubali kushika kazi yake. Wamemrudisha chumbani na puto lile lile linamsaidia, pamoja na dawa za nguvu, wanangoja waone kama utaamka.

Nilikaa naye siku iliyofuata nikimsemesha. Nilimsimulia soko la Nachingwea lote, meza kwa meza. Mashine ilikuwa inatwanga, ila nilisikia, Rashidy, hata mimi nisiye daktari, kwamba inatwanga peke yake. Mwenzake ameacha mchi.

Ilikuwa baada ya alasiri. Yule mama mfupi alikuja na wenzake, wakatazama, wakatazamana. Akapiga magoti mbele ya kiti changu, mtu mkubwa vile, akasema kwa Kiingereza maneno machache ambayo sikuhitaji kutafsiriwa. Nikatikisa kichwa kukubali. Akasimama akaizima mashine kwa mkono wake mwenyewe. Nilikuwa nimezoea sauti ile hata siisikii. Iliponyamaza nikasikia mvua.

Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Sasa nikujibu la kuzikwa kule. Nilipiga simu Ruangwa, baba yako akaletwa. Nilimweleza kila kitu. Kuurudisha mwili kungechukua muda ambao hakuna aliyeweza kuutaja, na angekaa kwenye barafu kama mzigo akingoja ndege na karatasi. Baba yako alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Dada, ardhi yote ni ya Mungu. Mstirini mwanangu.” Rashidy, usimwandikie tena maneno yale uliyomwandikia. Alisomewa barua yako na mwalimu wa Chinongwe, akaomba arudishiwe, akaikunja, akaenda nayo mikoroshoni hakurudi mpaka jua lilipotua. Yeye ni baba. Alichagua binti yake asingojeshwe, na uchungu wa kukosa kaburi akaubeba yeye.

Na hakuzikwa kama asiye na kwao. Kuna Waislamu wengi mji ule. Mama mmoja, Rabia, ambaye mumewe ni mhudumu msikitini karibu na hospitali, alikuja na wanawake wenzake bila kuitwa mara mbili. Hatukuwa na lugha ya pamoja zaidi ya zile sura za Kurani, tukaelewana kwa hizo. Tulimwosha pamoja. Rabia alimshika kichwa kama anamshika mtoto anayelala, na kila alipomwagia maji alinitazama kwanza kuona kama nimeridhika. Walimvalisha sanda nzuri, wakamtia manukato. Wanaume waliobeba jeneza walikuwa wengi, watu wenye kazi zao, waliofunga maduka yao kwa ajili ya msichana wa Chinongwe wasiyemjua. Kaburi liko pembeni ya ukuta, chini kuna udongo mwekundu kama wetu wa Ruponda. Nimeliona kwa macho yangu. Rabia ameahidi kulipalilia, nami naamini atalipalilia.

Baada ya mazishi alinichukua nyumbani kwake, akaniketisha, akaona nywele zangu. Alichana upande uliosimama akaufunga. Upande uliosukwa aliugusa, akaniuliza kwa macho. Nikamzuia kwa mkono. Akauacha.

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda. Nilishuka kwenye basi Nachingwea, sikulala, nikapanda gari la mizigo hadi Ruangwa na kutoka pale Chinongwe. Nilikuwa na begi lake la nguo. Matanga yalikuwa yamekwisha kuanuliwa. Mama yako alikuwa amekaa ukutani. Aliniona nakuja na begi. Akaangalia nyuma yangu, barabarani, kama anatazamia mtu mwingine ashuke. Kisha akainuka akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilikaa kwao siku nyingi. Alinitengea chakula, alinitandikia, hakunisemesha. Mimi na mama yako, Rashidy, tumekuwa mawifi kwa miaka yote hii, tumechimba mihogo pamoja, nimewapokea wanawe wote wawili kwa mikono hii. Alinipita uani kama anapita jiwe. Sikumlaumu. Alinipa mtoto nikamrudishia nguo.

Chuo kilileta sanduku lake, Kipriani akalisindikiza mwenyewe kwa baiskeli kutoka Ruangwa. Aliliweka chini, akasalimia, akashindwa kuondoka, akakaa chini ya upenu mpaka baba yako alipomwambia ale. Sijamwuliza kama kulikuwa na jambo kati yao. Nadhani lilikuwepo, na nadhani halikuwahi kusemwa.

Wiki iliyopita, mwezi wa Ramadhani umekwisha kuandama, nilikwenda tena Chinongwe kufuturu nao. Tulikuwa tunatia udhu, mama yako na mimi, kila mmoja na kopo lake. Mara akasema, bila kunitazama, kwa Kimwera, “Wifi. Walimlaza anatazama wapi?”

Sauti yake nilikuwa sijaisikia tangu siku ile ya simu. Nikamwambia, “Kule kibla ni upande jua linakotua. Walimlaza ubavu wa kulia, uso magharibi.”

Akafikiri. Akasema, “Sisi tunaelekea kaskazini.”

“Ndiyo, wifi. Sisi tuko kusini ya Maka, yeye yuko mashariki yake. Tunaelekea pale pale.”

Akaingia ndani akatandika mkeka, na alipomaliza akanitandikia wangu kando ya wake. Tukaswali. Alipotoa salamu hakuinuka, akashika mkono wangu akaniambia, “Sasa nisimulie. Usiruke kitu.” Nikamsimulia, isipokuwa lile la mguu.

Kwa hiyo mwanangu, njoo. Omba ruhusa, njoo kabla ya Idd ukiweza, ukishindwa njoo baada yake. Usije kuuliza, haya nimekwisha kukuandikia. Njoo ukae nao. Baba yako hawezi kusema kwamba anakuhitaji, na mama yako amezoea kusikia sauti mbili za watoto, sasa hana hata moja karibu. Mlete na mtoto wamshike.

Nisalimie sana mkwe wangu Zamoyoni, mwambie asijilaumu kwa kutofika matangani, tunajua hali ya mtoto. Lukumani mdogo mbusu kwa niaba ya bibi yake wa Nachingwea. Baba yako na mama yako wanakusalimu, Albina na watoto wake wanakusalimu, na Twaha wa Ruangwa amesema ukipita dukani kwake usipite bila kusimama. Sista Dorotea naye alinitumia salamu wiki hizi, amerudi Newala, anasema kila akimwombea mtu humwombea na Fauzia.

Mungu amrehemu mdogo wako, ampanulie alipo. Nanyi huko awakinge na mabaya, akupe njia nyeupe ya kurudi kwenu.

Ni mimi shangazi yako, ninayekupenda kama nilivyompenda yeye,

Mwanaheri